In, on na at zinanivuruga, wa Kigoma njooni hapa

dogo_wa_kibirizi: Wakuu habari za mida. Najifunza kiingereza nataka nianze kusindikiza watalii wa Gombe, sasa hizi in, on na at zinanivuruga maana sisi tunabandika -ni tu, botini, bandarini, ziwani, kazi imeisha. Kuna mzungu kaniandikia Kigoma is on Lake Tanganyika nikabaki nashangaa, mji uko juu ya maji toka lini?? Anayejua anisaidie ila msinipe kitabu na meza, hiyo tulimaliza shule ya msingi.

mama_ujiji: 😂😂 On sio juu tu mdogo wangu, ni kugusana. Picha ukutani ni on the wall na haijakaa juu ya ukuta, inzi kwenye dari ni on the ceiling japo yuko kwa chini. Na kitu chochote kilichojipanga kwenye mstari kama ufukwe, barabara, mpaka au reli nacho ni on, ndo maana Kigoma iko on Lake Tanganyika na Uvinza on the railway line. Ukisema in the lake umeuzamisha mji, huko waachie migebuka.

reli_ya_kati: Mama kamaliza. At ni nukta kwenye ramani, meet me at the station hujali mtu kakaa ndani au kasimama nje na bodaboda, in the station ni ndani kabisa mvua isimpate. Ndo maana arrive at the station ila arrive in Kigoma. Arrive to hiyo waachieni wanaoitunga

Kasulu_finest: Nani kasema kiswahili chetu hakina tofauti hizo, ni -ni tu? Mezani pana, kuna, mna. Botini mna maji, hiyo mna ndo in yenyewe

reli_ya_kati: Sawa ila pa inabeba at na on zote, hapo atakwama tu

dogo_wa_kibirizi: Asanteni. Na kwenye vyombo?

mama_ujiji: Treni, basi, meli kama Liemba ni on, humo unasimama unatembea. Taksi na bajaji in kwa vile unajikunja unakaa. Mtumbwi in pia. Boda on, si umekalia juu yake

dogo_wa_kibirizi: Kwahiyo namwandikia: meet me at Kibirizi, we go to Gombe by the boat. Safi?

mama_ujiji: Toa the. By boat basi.