Wa miaka 19 na wa miaka 57 tuwapokee soba (nyumba ya kuachia ulevi) kwa fomu moja?

mshauri_zamu:
Wakuu, habari za kazi. Fomu ya kupokea waraibu ina mstari mmoja wa umri, kisha "anatumia nini". Kijana wa 19 na mzee wa 57 wote wanaandikiwa "pombe" na kuwekwa kwenye ratiba ile ile ya siku za mwanzo. Umri ubadilishe nini hasa?

tabibu_mkongwe:
Mkuu, umri wa sasa peke yake haukwambii mengi. Uliza na umri wa kuanza, umri alipofikia kutumia kila siku, na kama anajidunga, umri wa sindano ya kwanza. Halafu toa umri wa kuanza kwenye umri wa sasa. Mwenye miaka 30 aliyeanza na 13 ana miaka 17 ya kilevi, na mara nyingi hana shule wala ufundi wa kurudia. Mwenzake wa 30 aliyeanza na 26 ana pa kurudi. Dawa zinaweza kufanana, mpango baada ya hapo haufanani.

Huyo wa 19 mara nyingi analewa chakari wikiendi, hanywi kila siku, na asubuhi mwili haumdai. Usimpe diazepamu (dawa ya kutuliza mwili unaodai pombe) kwa mazoea. Muulize bangi, mirungi na vidonge, maana vijana huchanganya. Mhoji peke yake. Wazazi wakiwepo atajibu wanachotaka kusikia. Chini ya 18 ridhaa ya mzazi au mlezi iwepo, na asilazwe chumba kimoja na watu wazima wanaojidunga. Anaingia anavuta, anatoka anaujua mshipa.

nesi_wa_usiku:
Mimi wa kuniogopesha ni mzee. Msiandike "alikunywa jana", andikeni saa. Kutetemeka na jasho huanza masaa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho, kifafa mara nyingi ndani ya masaa 48, kuweweseka kati ya 48 na 96. Soba isiyo na tabibu isimpokee mzee anayekunywa kila siku; aanzie hospitali.

Diazepamu kwenye ini lililochoka inakaa siku kadhaa, ya leo inaikuta ya jana. Anaamka usiku kwenda chooni, anaanguka, nyonga imevunjika. Kwa wazee lorazepamu, ya jamii hiyo hiyo, ni afadhali, dozi ndogo, na apimwe upya kabla ya kila dozi. Sindano ya thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi. Ikitangulia glukosi inaweza kummalizia thiamini kidogo aliyobaki nayo: macho yanayumba, miguu haina mpangilio, na kumbukumbu inaweza isirudi. Sukari ikiwa imeshuka msisubiri, wekeni vyote pamoja.

Na mzee akichanganyikiwa msiisingizie pombe moja kwa moja. Angalieni nimonia, malaria, na damu iliyovilia kichwani kwa kuanguka.

dozi_kwa_dozi:
Niongezee upande wa unga (heroini). Methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, ilianza kutolewa Muhimbili 2011. Aliyeingia wakati ule na miaka 40 keshavuka 50, na sasa ana presha na moyo wa kuangaliwa. Dozi ikipita mg 100, apimwe umeme wa moyo.

Kwa anayeanza, siku ya kwanza isizidi mg 30. Mzee, mwenye mapafu mabovu, au kijana aliyetumia unga muda mfupi, mg 10 hadi 20 zinatosha. Panda mg 5 hadi 10, kisha subiri siku 3 hadi 5, kwa sababu dawa inajilimbikiza na nguvu yake kamili haionekani siku ileile. Wanaopandisha kila siku ndio wanaomkuta mtu hapumui wiki ya kwanza.

Akiwekwa kwenye dawa za TB zenye rifampisini, arosto (maumivu ya kukosa unga) inarudi. Atasema dozi haimtoshi, nanyi mtamwita mjanja. Pandisheni. Rifampisini ikiisha, shusheni polepole.

mshauri_zamu:
Asanteni sana. Na mzee aliyeanza kunywa baada ya kustaafu?

tabibu_mkongwe:
Huyo mara nyingi hutibika vizuri kuliko aliyenywa tangu ujana. Muulize alianza lini, atakutajia mwaka aliofiwa na mke au aliopokea kiinua mgongo. Ushauri uanzie hapo, pombe ifuate. Awe kundi la rika lake, mbele ya vijana hatafungua mdomo. Na fomuni ongeza mstari wa dawa za hospitali anazomeza: bia mbili juu ya vidonge vya usingizi zinamtosha kuanguka.