Roho na maada: asili moja au mbili?

Swali: Baadhi ya mapokeo ya elimu ya siri hufundisha kwamba maada ni roho iliyoganda, kama barafu ilivyo maji. Ikiwa ndivyo, kwa nini mwanafunzi huhimizwa ajitenge na mwili?

Jibu la 1: Si mapokeo yote yasemayo hivyo. Plotinus, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 270 BK, alifundisha kwamba vyote hububujika kutoka kwa Mmoja, yaani chanzo cha vyote, kwanza Akili, kisha Nafsi, hadi kwenye maada, ambako nuru hiyo humalizikia; kwake maada ni upungufu wa wema. Hata hivyo aliwapinga vikali Wagnosi, wafuasi wa mapokeo ya kale ya maarifa ya siri, waliodai kwamba ulimwengu huu ni kazi ya muumba mwovu.

Jibu la 2: Sankhya, shule ya kale ya falsafa ya India, huukataa umoja huo wa roho na maada moja kwa moja. Purusha, yaani roho, ni shahidi asiyetenda lolote, ilhali prakriti, yaani maada, ndiyo izaayo vitu vyote, hata akili na hisia ya umimi, kwa hiyo fikra zako zenyewe (jambo linalowashangaza wengi) zimo upande wa maada.

Muulizaji: Basi anayejitenga ni nani?

Jibu la 2: Hakuna anayeondoka. Purusha hakufungwa kamwe. Kinachokoma ni kule kuchanganya shahidi na kinachoshuhudiwa.