Mrejesho: Pete ya saa ya GMT na kusoma saa za miji mitatu

Niliwauliza namna saa moja ya mkononi, yenye mshale wa nne na pete ya nje inayozunguka, inavyoweza kunionyesha kwa pamoja saa za Dar es Salaam, London na Muscat, mji mkuu wa Oman, anakoishi kaka yangu. Nawashukuru sana, hasa aliyenishauri mshale wa nne niuweke kwenye GMT (saa za Greenwich, Uingereza, ambazo saa za nchi nyingine hupimwa kwazo) na nisiuguse tena, kwani ushauri huo ndio ulioninyooshea mambo.

Mshale huo huzunguka mara moja tu kwa saa 24, ndiyo maana hautuachi tukibahatisha kama huko ni usiku au mchana. Mshale wa kawaida nimeuacha kwenye saa za Dar es Salaam. Kisha nimeizungusha pete, yenye namba za saa 24, hatua nne (kila hatua ni saa moja) kinyume na mwendo wa mishale, kwa kuwa Muscat iko mbele ya GMT kwa saa 4. Hivyo sisi tukiwa saa tisa alasiri, mshale wa nne unasoma 12 kwenye namba zilizochapwa ndani ya kioo, yaani saa sita mchana, ambayo ndiyo saa ya London wakati wa baridi, na papo hapo unasoma 16 kwenye pete, yaani saa kumi jioni Muscat. Majira ya kiangazi London naiongezea saa moja kichwani.

Anayewasiliana na India, iliyo mbele ya GMT kwa saa 5 na dakika 30, achague pete inayoweza kusimama katikati ya namba mbili.