Mtoto staa akifulia ukubwani, tumlaumu nani?

Mgogo wa Nala (mleta uzi):
Wakuu salaam. Jana jioni nimepita Nyerere Square hapa Dodoma nikamkuta mama kamsimamisha mtoto wa kama miaka saba mbele ya simu, anamrudisha kipande kile kile cha vichekesho. Mtoto kavalishwa kofia ya babu inayomdondokea machoni na miwani ya plastiki isiyo na vioo. Akikosea anaambiwa "tena". Watu wanacheka, na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani nikamkumbuka Gary Coleman.

Kwa wadogo zangu msiomjua: ni yule mtoto mweusi wa Kimarekani, mwenye mashavu, aliyeigiza kama Arnold kwenye igizo la vichekesho la TV, Diff'rent Strokes, 1978 mpaka 1986. Inasemekana kileleni alilipwa dola 100,000 kwa kipindi kimoja. Figo zake zilikuwa mbovu tangu utotoni, akapandikizwa mara mbili, maradhi na dawa vikamzuia kukua, akaishia sentimita 142 hivi. Mwaka 1989 akawashtaki wazazi wake waliomlea pamoja na aliyekuwa mshauri wake wa fedha. 1993 mahakama ikaamua alipwe dola milioni 1.28. 1999 akatangaza kufilisika, na kabla ya hapo alishashuka mpaka kufanya kazi ya ulinzi. 2010 akafariki huko Utah akiwa na miaka 42.

Swali: mtoto staa akiharibikiwa ukubwani, lawama ni ya wazazi, yetu tunaotazama, au yake mwenyewe? Na je, hapa kwetu iwepo sheria ya kulinda hela za hawa watoto? Karibuni, matusi hapana.

Kijiwe Sabasaba:
Yake mwenyewe, tumemaliza. Mtu anapewa dola milioni moja na ushee, miaka sita baadaye amefilisika? Mimi kwa hela hiyo ningenunua nusu ya Area C na chenji ingebaki.

Binti Chamwino:
Mleta uzi, hebu rudi hapo uliposema "alishashuka mpaka kufanya kazi ya ulinzi". Kushuka kutoka wapi kwenda wapi? Baba yangu amelinda ghala la watu tangu sijaanza darasa la kwanza. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, koti moja, tochi na redio ndogo ya betri. Ada yangu mpaka chuo imetoka kwenye hilo koti. Kwa hiyo na yeye ameharibikiwa?

Mgogo wa Nala:
Dada, soma kwa utulivu. Sijamtukana mlinzi yeyote. Nimesema mtu aliyelipwa dola 100,000 kwa kipindi kuja kukaa getini ni mporomoko. Hata wewe ukipewa hiyo nafasi hutampeleka mwanao akalinde.

Binti Chamwino:
Umeongeza chumvi kwenye kidonda. "Hutampeleka mwanao." Haya.

Mzee wa Makole:
Vijana, huyo mtoto mimi namkumbuka vizuri, tulikuwa tunaangalia kanda kwa jirani. Kalelewa na mzungu mmoja mcheza mpira mwenye mwili mkubwa pamoja na mkewe. Alikuwa anachekesha sana yule.

Kanda Mbili:
Shikamoo mzee. Huyo wa mcheza mpira ni Webster, aliigizwa na Emmanuel Lewis. Wote wawili walikuwa wafupi na wote walilelewa na wazungu kwenye maigizo, ndiyo maana watu huwachanganya. Baba wa Arnold alikuwa tajiri mjane wa New York.

Na kuhusu swali la uzi, Coleman mwenyewe alishalijibu. Alipofilisika alisema lawama inagawanyika: inaanzia kwake, inapita kwa wahasibu, wazazi waliomlea, mawakala, mawakili, halafu inarudi tena kwake. Mimi nadhani hapo kamaliza kila kitu.

Kijiwe Sabasaba:
Marahaba ya mzee utaisikia kesho, Makole mtandao unasuasua.

Tuachane na hayo. Huyo mlinzi wenu mnayemtetea, 1998 alimpiga ngumi mama wa watu aliyemwomba saini tu. Kesi ikaenda mahakamani. Baba yake Binti Chamwino amewahi kumpiga mteja?

Binti Chamwino:
Usimtaje baba yangu kwenye mdomo wako.

Kijiwe Sabasaba:
Wewe ndiye uliyemleta kwenye uzi, mimi nimemkuta.

Nesi wa Zamu:
Hapo kwenye ngumi mimi nina neno. Hapigwi mtu kwa kuomba saini, hilo halina mjadala. Ila mjue mnamzungumzia mgonjwa. Figo ya pili nayo ilishakataa, akawa anaishi kwa kusafisha damu. Mnajua kusafisha damu ni nini? Njooni hospitali ya Benjamin Mkapa muone. Kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila kikao, sindano mbili nene mkononi, damu inatoka inapita kwenye mashine inarudi. Ukimaliza umelegea, maji ya kunywa unapimiwa. Yeye afya yake ndiyo hiyo, akitoka nje kila mtu anataka aseme ule msemo wake wa utotoni. Mwanaume wa miaka thelathini anabembelezwa achekeshe kama alivyochekesha akiwa na miaka kumi. Sijui wangapi hapa wangevumilia.

Kijiwe Sabasaba:
Nesi, wagonjwa wa figo ni wengi na hawapigi watu.

Nesi wa Zamu:
Hujawahi kufanya zamu ya usiku wodini, naona.

Mpwapwa Mpaka Kieleweke:
Nimechelewa kufika, ila nyie wote mmemsahau yule Kevin wa Home Alone. Kibanda umiza cha kwetu kila Krismasi lazima iwekwe. Yule naye aliwashtaki wazazi wake na nasikia alishakufa kwa unga. Hawa watoto wa filamu wana mkosi, waigizaji wazima mbona wanazeeka vizuri?

Kanda Mbili:
Hajafa, mkuu. Macaulay Culkin yupo, Desemba 2023 amewekewa nyota yake kule Hollywood. Habari za kufa kwake ni za mitandaoni. Alikamatwa kweli na dawa za kulevya 2004, lakini leo ana mwenza na watoto. Na yeye anasema hakuwashtaki wazazi: waliachana wakaanza kugombea malezi na usimamizi, yeye akaondoa majina yao kwenye mfuko wa hela zake, basi. Akaacha kuigiza na miaka 14. Kwa hiyo mkosi hapana. Yule alipata mtu wa kumshikia hela asiyekuwa baba yake.

Mpwapwa Mpaka Kieleweke:
Kwa hiyo unasema baba si mtu wa kuaminiwa? Ndiyo haya mambo ya kizungu tunaletewa. Mtoto amshitaki baba! Mimi mzee wangu alikula hela yangu ya kwanza ya kibarua cha zabibu, na leo ananichagulia jina la mwanangu. Baraka hizo zinauzwa duka gani?

Wakili Mwembeni:
Naona tunakwenda kwenye baraka, ngoja niseme sheria kidogo halafu niwaache.

Kabla ya Coleman kulikuwa na Jackie Coogan. Aliigiza na Charlie Chaplin kwenye The Kid, 1921, akiwa mdogo kabisa. Alichuma kati ya dola milioni tatu na nne za enzi hizo. Baba yake alikufa kwa ajali ya gari 1935, mwaka huo huo kijana akatimiza miaka 21, akaenda kwa mama na baba wa kambo kudai chake. Wakamwambia kisheria mapato ya mtoto ni mali ya mzazi, na kweli ndivyo sheria ya California ilivyokuwa. Akashtaki 1938, akatoka na kama dola 126,000. Watu walikasirika, 1939 California ikatunga sheria ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ikarekebishwa: tangu 2000 mapato ni mali ya mtoto mwenyewe, na asilimia 15 lazima ikae kwenye akaunti isiyoguswa mpaka afike miaka 18.

Kwetu tuna Sheria ya Mtoto ya 2009. Inakataza unyonyaji wa mtoto na umri wa kuajiriwa unaanzia 14. Sasa yule wa Nyerere Square ana saba. Ameajiriwa? Na nani? Anacheza tu na mama yake? Kama kuna anayejua kifungu kinachosema hela ya video iwekwe wapi, anionyeshe.

Mzee wa Makole:
Huyo Coogan si ndiye yule mwenye kipara kwenye The Addams Family? Yule mjomba?

Kanda Mbili:
Ndiye, mzee. Fester. Safari hii umepatia.

Mzee wa Makole:
Basi uzee wangu una faida. Lakini nyie mnaona ajabu gani? Kwetu ugogoni mtoto anayejua kucheza ngoma anasimamishwa mbele ya wageni tangu anaota meno. Akicheza vizuri anatuzwa, na kinacholetwa kinaliwa na wote. Hakuna aliyeenda mahakamani. Mtoto ni wa ukoo.

Nesi wa Zamu:
Babu, kwa heshima zote, huyo Coleman naye aliliwa na ukoo. Tofauti ni kwamba ngoma ikiisha mtoto wa kijijini anarudi kuchunga mbuzi na wenzake, hakuna anayemfuata machungani kumwambia "cheza kama mwaka juzi".

Binti Chamwino:
Mimi bado nasubiri mleta uzi aniambie kazi ya ulinzi ipo ngazi ya ngapi.

Mgogo wa Nala:
Dada, nimeleta mada ya watoto. Ukitaka uzi wa walinzi fungua wako, nitakuja kuchangia.

Binti Chamwino:
Hapana, tutaongelea hapa hapa. Umeorodhesha: akashtaki, akafilisika, akawa mlinzi, akafa. Umeiweka kazi ya mtu kati ya kufilisika na kifo. Yule kaka alikuwa anaumwa, ameibiwa, akaamka akavaa sare akaenda kutafuta hela yake. Kwangu mimi hapo ndipo pekee kwenye kisa chako chote ambapo hakuna aliyemtumia.

Kanda Mbili:
Hilo nalo neno. Hata ugavana wa California aligombea, 2003, akapata kura zaidi ya elfu kumi na nne.

Kijiwe Sabasaba:
Watu mnalia utafikiri alikuwa binamu yenu. Wakili, mimi naunga mkono hiyo asilimia 15. Ikiwekwa hapa tatizo limekwisha, tufunge uzi.

Wakili Mwembeni:
Halijaisha, ndugu yangu. Mnasahau kwamba Coleman alikuwa na mfuko wa udhamini, na sheria ya Coogan ilikuwepo kabla hajazaliwa. Hela ilikuwa mahali pake, kwenye karatasi. Kesi yake ilikuwa juu ya waliokuwa wanausimamia huo mfuko: wazazi na mshauri.

Mpwapwa Mpaka Kieleweke:
Unaona sasa! Hata na sheria waliliwa. Bora baraka.

Mama Kipaji:
Nimesoma toka mwanzo, nimenyamaza, sasa nimeshindwa. Mimi ni mmoja wa hao kina mama mnaowasema. Si yule wa jana, mimi nipo Nkuhungu, ila narekodi na mwanangu kila Jumamosi. Kwanza hizo hela mnazozigombania mmeziona wapi? Mwezi mzuri unanunua bando, viatu vya shule na ya juu kidogo. Mwezi mbaya bando natoa kwenye genge langu la nyanya. Pili, mwanangu anapenda. Nisipomrekodi anarekodi mwenyewe simu nikiiacha mezani. Tatu, mleta uzi, ulisimama ukacheka, si ndiyo? Uliacha hata mia tano?

Mgogo wa Nala:
Mama, mimi sikuwa na chenji. Lakini swali ni rahisi: hiyo akaunti ni ya jina la nani?

Mama Kipaji:
La kwangu. Laini yangu, kitambulisho changu. Mtoto hana NIDA, ulitaka niandike jina la nani?

Nesi wa Zamu:
Na Jumamosi akisema leo sitaki?

Mama Kipaji:
Tunaahirisha. Isipokuwa kama kuna tangazo la mtu limeshalipiwa.

Nesi wa Zamu:
Hapo ndipo ninapopauliza.

Wakili Mwembeni:
Mama, usichukie. Benki nyingi zina akaunti ya mtoto. Fungua, kila hela ya tangazo ikiingia weka hata robo, na daftari uandike.

Mama Kipaji:
Nilishakwenda, mwanasheria. Nikauliza yule dada wa kaunta, anayesaini kutoa ni nani? Akaniambia, "Wewe mama mtu." Sasa mnamlinda mwanangu na nani?

Kijiwe Sabasaba:
Na wewe.

Mama Kipaji:
Haya njoo usaini wewe. Uje na kitambulisho.

Mzee wa Makole:
Huyo Kijiwe? Mimi namfahamu. Hata nauli ya kwenda Kibaigwa hatumwachii ashike.