Magufuli alikuwa mzalendo, sawa. Na sisi tunaomhoji tuitwe nani?

Wadau habari za jioni. Naandika kutoka Arusha ila kwetu ni Moshi vijijini, nasema mapema ili asije mtu kuniuliza kabila katikati ya hoja, maana huko ndiko mjadala huu unakoishiaga kila mwaka ikifika Machi 17, siku aliyofariki Rais Magufuli.

Hoja iliyoko mezani ni hii. Kuna kundi kubwa tu la watu, na wengine ni marafiki zangu kabisa, wanasema Hayati Magufuli ndo alikuwa mzalendo wa mwisho nchi hii, na anayemkosoa basi ama katumwa na mabeberu, ama alikuwa mpiga dili akabanwa, ama ni mtu wa kaskazini mwenye kinyongo cha uchaguzi wa 2015. Upande wa pili wapo wanaosema alikuwa dikteta tu, hakuna jema alilofanya, reli ni mikopo, ndege ni hasara. Mi siko na hawa wa pili. Lakini hoja ya kwanza ndo inaniuma na ndo nataka tuijadili, kwa sababu inachukua uzalendo wa watu zaidi ya milioni sitini inamkabidhi mtu mmoja, alafu mtu huyo akifa uzalendo wote unazikwa naye Chato.

Nianze na yake mazuri na nayasema kwa moyo mmoja. Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne, na kuna watoto mitaani kwetu wamefika fomu foo kwa sababu hiyo na sio nyingine. Vyeti feki, watumishi 9,932 wakatajwa Aprili 2017, na watu waliokuwa wanaingia ofisini saa nne wakaanza kuwahi. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwisho wa 2019 na Arusha 2020, baada ya miaka na miaka ya reli kuota majani, na nani aliyekuwepo stesheni siku zile atasema hakufurahi? Wazee wetu waliosafiri na treni hiyo enzi hizo wakiwa vijana walienda kuiangalia tu, hawana hata safari.

Alafu Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni jirani zetu na biashara ya yale mawe ndo imelisha nusu ya mji huu. Miaka yote tunasema tanzanite inapatikana sehemu moja tu duniani, na miaka yote inavuka mpaka kimya kimya, inaenda kuuzwa nje kama imechimbwa huko. Jamaa kaja Septemba 2017 kasema jengeni ukuta, jeshi likajenga, Aprili 2018 ukuta wa kilomita 24.5 umesimama. Waliomcheka kipindi kile nawakumbuka. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo, Mmasai wa pale pale Simanjiro, akaiuzia serikali mawe mawili, moja kilo 9.27 na lingine kilo 5.1, akalipwa zaidi ya bilioni 7 na Rais akampigia simu hadharani kumpongeza. Mimi hilo naliita uzalendo bila kusita. Mali ya nchi imelindwa na mtu wa chini kaiona hela. Ni kweli madalali wa hapa mjini, wale waliozoea kusimama barabarani na vijiwe vyao kwenye vikaratasi vilivyokunjwa, wameumia biashara ilivyosogezwa kwenda Mirerani, na mimi nina ndugu humo, lakini hata hao ukikaa nao watakwambia ukuta ulikuwa sahihi.

Sasa twende mwaka huo huo 2017, mpaka huu huu wa kaskazini. Ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walikamatwa upande wetu wakapigwa mnada. Wiki chache baadaye vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikachomwa moto Namanga, na Rais akasema Tanzania sio shamba la kulishia mifugo ya nchi nyingine. Watu walishangilia sana. Mi niliwauliza jamaa zangu wa Longido, wao wakashindwa kushangilia, kwa sababu Mmasai wa Longido na Mmasai wa Kajiado ni ukoo mmoja, wanaoana, na mwaka wa ukame huyu anampokea wa kule na mwaka unaofuata yule anampokea wa huku, ndo walivyoishi kabla ya mjerumani na mwingereza kuchora ule mstari. Sheria ya mifugo ipo sawa, magonjwa ya kuku yapo sawa, sipingi mpaka kulindwa. Ninachopinga ni kuita uzalendo kitu ambacho kimemwacha mtanzania wa mpakani akiogopa kumpokea mjomba wake, na sisi tukiwa mji ambao makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa katikati.

Kwa hiyo mnaona, ni mtu yule yule, mwaka ule ule, ukanda ule ule. Tukisema alikuwa mzalendo tumemaliza maswali yote au tumeyafungua?

Hili la kaskazini na 2015 nalo tuliseme wazi. Uchaguzi ule Lowassa wa Monduli alikuwa katoka CCM kaingia CHADEMA, akapata karibu asilimia 40 na Magufuli asilimia 58 na kidogo. Majimbo karibu yote ya Arusha na mengi ya Kilimanjaro yakaenda upinzani. Basi. Watu walipiga kura, ndo ilivyoandikwa kwenye katiba. Lakini kuanzia hapo ukitoka Moshi au Arusha ukalalamikia kitu chochote, kodi, maji, polisi, unaambiwa nyie watu wa kaskazini hamuitakii mema nchi. Kura ikageuka ushahidi wa usaliti! Mbunge wetu wa Arusha Mjini kipindi hicho, Lema, alikaa mahabusu toka Novemba 2016 mpaka Machi 2017 kwa maneno aliyosema jukwaani. Unaweza kuyachukia maneno yale, wengi tu waliyachukia, ila kesi ya maneno mtu anakosa dhamana miezi yote hiyo? Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa Juni 2016 ikaja kuruhusiwa Januari 2023. Bunge laivu likakatwa. Mtu akiuliza anaambiwa tupo kwenye vita ya uchumi.

Na kuna binti wa Rombo, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji, Februari 2018 alikuwa amekaa ndani ya daladala Kinondoni, hakuwa kwenye maandamano, hakuwa na chama alichokuwa anakitangaza siku hiyo, risasi ikamkuta humo humo akafa. Wakamleta Rombo wakamzika. Waliokuja kutiwa hatiani 2020 kutokana na siku ile ni viongozi wa upinzani walioandamana, wakapigwa faini, na hata hiyo hukumu baadaye Mahakama Kuu ikaitengua. Kwa risasi yenyewe hakuna aliyehukumiwa. Naomba anayeandika hapa kwamba kipindi kile mnyonge alitetewa aniambie yule binti alikuwa nani kama hakuwa mnyonge, maana alikuwa anasoma, katoka familia ya kawaida ya kijijini, ni yule yule mtanzania aliyekuwa anatajwa kwenye kila hotuba.

Naona michango imeshaanza kuja, nijibu hapa hapa.

Mzee wangu wa Ngaramtoni, shikamoo. Umesema nchi ilikuwa imeoza na bila mkono wa chuma hakuna kingenyooka, demokrasia hailiwi. Nakuelewa mzee, mimi pia nilichoshwa na zile rushwa. Ila niambie mkono wa chuma ulimkuta nani hapa Arusha. Novemba 2018 wanajeshi walisimama nje ya maduka ya kubadilishia fedha katikati ya mji, watalii wameshika dola zao hawajui waende wapi, waongozaji wao wamejipanga pembeni wanapiga simu. Inawezekana kabisa humo ndani kulikuwa na wahalifu wa kutakatisha fedha. Wakamatwe, wafikishwe mahakamani, tusome hukumu. Lakini waliofungiwa wote kwa mpigo ni wahalifu wote? Kama kulikuwa na mmoja ambaye hana kosa, alienda kumlilia nani? Rushwa unaiua kwa kumfanya kila mtu ahesabike, pamoja na anayekamata. Na Profesa Assad, CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aliyekuwa anatusomea hesabu zetu, akaondolewa Novemba 2019. Wewe mzee ni mtu wa ushirika wa kahawa, ushawahi kuona ushirika uliopona baada ya kumfukuza mkaguzi?

Dada wa Majengo Moshi umenigusa, umeandika kwamba kipindi chake ulipewa kitambulisho cha mjasiriamali kwa elfu ishirini ukauza nyanya zako bila mgambo kukukimbiza, na waliofuata wakakuhamisha. Sitakubishia hata kidogo. Hiyo ni heshima uliyopewa na unayo haki ya kumpenda aliyekupa. Wasomi wengi wanaomkosoa hawajawahi kukimbizwa na mgambo wakiwa na beseni kichwani ndo maana hawakuelewi. Ninachokuomba dada ni kimoja, uone pia kwamba kitambulisho kilitoka kwa neno la mtu, hakikutoka kwenye sheria iliyokulinda, ndo maana alipoondoka yeye na ulinzi ukaondoka. Ungekuwa na diwani unayeweza kumbana kwenye mkutano wa hadhara, na gazeti lisiloogopa, leo usingekuwa unamlilia marehemu, ungekuwa unamlilia diwani na angesikia.

Kijana uliyeandika kwa herufi kubwa kwamba makinikia peke yake yanatosha kumfanya shujaa: sawa, tuyaongelee. Machi 2017 mchanga wa dhahabu ukazuiwa kutoka, kampuni ya migodi, Acacia, ikaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, ikafika mwisho wakakubali dola milioni 300, wenyewe wakaita kishika uchumba, na serikali ikapata hisa asilimia 16 kwenye migodi kupitia Twiga, kampuni ya ubia na Barrick. Mimi naona hisa zile ni ushindi wa kweli, na sheria za 2017 za rasilimali ziliwafanya wale jamaa wakae mezani. Lakini kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna shimo, na mzalendo wa kwanza ni yule anayeuliza lile shimo limekuwaje, hesabu ya kwanza ilipigwaje, na nani aliipiga. Kipindi kile aliyeuliza aliitwa wakala wa mabeberu. Hapo ndo naachana na nyie. Kama mali ni yetu, na swali ni letu.

Corona sitaisema sana maana bado inauma. Takwimu za mwisho za kipindi chake zilitoka mwaka 2020, wagonjwa 509, alafu kimya. Mwanzo wa 2021 kule Moshi kila wiki kuna msiba, kila msiba ni changamoto ya upumuaji, na walioshika majeneza hawakuvaa barakoa kwa sababu kuvaa kulionekana ni kumkosea imani Rais. Walikuwa ni wazazi wetu wale. Sidhani kama kuna hotuba ya kujitegemea inayofuta hilo.

La mwisho na ndo nataka mnijibu hili hasa, maana kila nikiuliza watu wanaruka. Hapa Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ipo kwetu toka 2007. Machi 2010 serikali yetu iliweka tamko la kumruhusu mwananchi wa kawaida kwenda pale mwenyewe, bila kupitia serikali. Watu wakaenda. Mchungaji Mtikila alishinda pale 2013 kwenye suala la mgombea binafsi. Wafungwa walioona hawakutendewa haki walikuwa wanaandika wakiwa gerezani na kesi zao zinasikilizwa, yaani watanzania ndo walikuwa wanaitumia kuliko mtu yeyote Afrika. Novemba 2019 serikali ya Magufuli ikalitoa lile tamko, mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Julai 2020, kwenye kesi iliyowahi kuingia kabla mlango haujafungwa, mahakama ile ile ikasema katiba yetu kumkataza mtu kuhoji matokeo ya urais mahakamani ni kinyume na mkataba tuliousaini wenyewe.

Majaji wa pale ni waafrika watupu. Hakuna beberu pale. Jengo liko kwetu na kesi zilikuwa zetu. Mtanzania alikuwa anaweza kupanda hais asubuhi na bahasha yake akaenda kuishitaki serikali yake mbele ya waafrika wenzake, na rais tunayeambiwa alitupenda kuliko wote akamwondolea hiyo nafasi.

Ukuta wa Mirerani nimeshakubali ulimlinda mtanzania. Kufunga mlango ule wa mahakama kulimlinda mtanzania gani? Naomba majibu kwa hilo, kwetu nimeshapataja kule juu.