Mjadala: Spartacus alifika kaskazini, kwa nini akageuka?

Mtoa mada: Wakuu, mwaka 72 KK Spartacus, Mthrakia aliyetoroka shule ya wapiganaji wa ulingoni huko Capua na kuongoza uasi wa watumwa dhidi ya Roma, alimshinda gavana wa Kirumi Cassius Longinus karibu na Mutina, kaskazini mwa Italia. Gavana alikuwa na askari 10,000. Njia ya kutoka Italia kupitia milima ya Alps ikabaki wazi, lakini akageuza jeshi kusini. Plutarch, mwandishi wa kale, anawalaumu wafuasi: walilewa ushindi, wakaona bora waipore Italia. Sikubali.

Msomakale: Warudi kwao wapi? Thrakia iko mashariki, Galia (Ufaransa ya leo) magharibi. Wengi walikuwa wachungaji na watumwa wa mashamba waliojiunga kusini. Aliyezaliwa utumwani humohumo Italia, ng'ambo ya Alps ana nini?

Kijiweni: Msiwasafishe mno. Crixus, kiongozi mwenzake Spartacus, alikwishajitenga na kundi lake, akauawa karibu na mlima Garganus. Hawa hawakuwa na shauri moja.

Mtoa mada: Tazama mji wa Thurii, kusini mwa Italia, basi. Appian, mwanahistoria wa kale, anasema Spartacus alikataza wachuuzi kuingiza dhahabu na fedha, na watu wake wasiwe nazo. Chuma na shaba ruksa, na alivinunua kwa wingi. Mporaji gani hufanya hivyo? Huyo anajua silaha zinatoka wapi. Capua walitoka watu sabini na ushei wakiwa na visu na vyuma vya kubanikia nyama, vya jikoni.

Nahodha: Lengo ni Sisilia. Watumwa wa kule walishaasi mara mbili, vita vya pili vikaisha mwaka 100 KK. Kuni bado zina moto. Spartacus akapatana na maharamia wa Kilikia (pwani ya Uturuki ya leo) wavushe watu 2,000. Maharamia wakapokea zawadi, wakatweka tanga na kuwaacha. Kumlipa haramia kabla hajapakia, jamani! Waasi wakaunda vyelezo vya magogo na mapipa, mkondo wa mlango-bahari wa Messina, kati ya Italia na Sisilia, ukawashinda.

Msomakale: Crassus, jemadari wa Kirumi, naye akawafungia kwenye ncha ya Italia kwa handaki la stadia 300, yaani kilomita 55 hivi, kina na upana futi 15. Usiku wa theluji na upepo wakafukia kipande kimoja kwa udongo, kuni na matawi, theluthi ya jeshi ikapenya. Ila Nahodha, kama shabaha ilikuwa Sisilia tangu mwanzo, Mutina alifuata nini?