Kampuni yetu ya mbao Mafinga tunataka kuifunga. Fuso na kiwanja vitabaki kwa nani?

Mbao_Laini: Wakuu, habari za jioni. Tupo watatu: mimi, kaka yangu na jirani yetu. Tulisajili kampuni ya mbao 2016. Misimu ya mwanzo ililipa, ila tangu 2021 ding-dong, mashine yetu ya kupasua mbao, imelala chini ya turubai, kuku wanatagia humo. Ritani (taarifa) za mwaka za kampuni BRELA, kwa msajili wa makampuni, tuliacha kupeleka zamani. Kilichobaki ni lori la Fuso, kadi inasoma jina la kampuni, na kiwanja Kinyanambo, nacho cha kampuni. Tunadaiwa na mzee aliyetupatia magogo, pia benki. Kaka anasema tuiache ijifie, Msajili ataifuta mwenyewe, deni life nayo. Mimi usingizi sipati.

Kijana_Uyole: Kaka yako yuko sahihi dada. Kampuni ni mtu, akifa anazikwa na madeni yake. Kunywa ulanzi ulale.

Mzee_wa_Mafaili: Kijana, usimpoteze mwenzio. Ni mtu kweli, kwa Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, na ndiyo maana hilo Fuso si lenu. Kampuni ikishafutwa huku mali ingali kwa jina lake, mali hiyo inaangukia serikalini, hamgawani. Kadi utaihamishaje? Muuzaji wa kusaini hayupo tena.

Na mdai hafungiwi mlango. Anaweza kuiomba mahakama iirudishe daftarini, ikirudi inahesabika haikuwahi kufutwa. Wakurugenzi nao hawatakaswi kwa kufutwa. Benki mlisaini dhamana binafsi?

Mbao_Laini: Wote watatu. Nyumba ya kaka ndiyo rehani.

Mzee_wa_Mafaili: Basi hapo hata kampuni ifutwe leo, benki inawafuata ninyi. Saini ile ni yenu, haikuwa ya kampuni. Mzee wa magogo ndiye anayeidai kampuni tu, siyo ninyi, labda kama kuna hisa hamjazilipia.

Mama_Chapati_Iringa: Si wauze Fuso kwa shemeji haraka haraka?

Mzee_wa_Mafaili: Kwa bei ya kutupa, mkijua mnadaiwa? Mfilisi, yule anayeteuliwa kukusanya mali na kuifunga kampuni, akilikuta hilo mtalirudisha, na maswali mtajibu.

Pigeni hesabu kwanza. Mali ikitosha madeni, wakurugenzi wanatoa tamko hilo kwa kiapo, wanahisa wanapitisha azimio maalumu na kumteua mfilisi. Isipotosha, wadai ndio wenye sauti. Mfilisi akishakaa, ninyi mikono pembeni: yeye ndiye anauza, analipa gharama, mishahara na kodi zenye kipaumbele, kisha wadai wa kawaida. Kikibaki ndiyo chenu. Muda wote huo kampuni iko hai, inaweza hata kuwashtaki inaowadai. Inakufa mwishoni kabisa, hesabu zikishafungwa na kupelekwa kwa Msajili. TRA, watu wa kodi, msiwasahau: TIN, namba ya mlipakodi, haijifuti.

Kijana_Uyole: Mzee nimenyoosha mikono 😅

Mbao_Laini: Nimemsomea kaka yote akiwa anakula. Kijiko kikasimama hewani, akauliza, "Hata Fuso?" Kesho asubuhi tunakwenda kwa mzee wa magogo kumwomba muda.